Truda Apata Mchana Wake

Asubuhi moja ya Novemba, Gertruda Kuczera alimpa mumewe kidonge cha usingizi badala ya kidonge cha shinikizo la damu. Hakujua. Alimlisha uji, akamfuta kinywa, akamkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, kisha akaanza kumenya viazi. Ilipofika saa nne Rajmund alikuwa ameinamisha kichwa kifuani, na hata alipoitwa kwa sauti, hata alipotikiswa bega, hakufumbua macho.

"Mundek! Mundek, baba, usinifanyie hivyo!"

Alimshika kifundo cha mkono, akausikia mshipa. Ulikuwa unapiga, polepole, lakini unapiga. Akalifungua kabati, akatoa vichupa viwili vya dawa, akavipeleka kwenye mwanga, akavisogeza puani kama mtu anayevinusa. Hapo ndipo alipong'amua. Vichupa vilikuwa vya rangi moja, na macho yake yalikuwa mwaka mzima yakiiona dunia kama vile imemwagiwa maziwa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikaa sakafuni miguuni pa mumewe, akamshika goti, asiondoke hapo hata viazi vilipokuwa vyeusi kwenye beseni. Saa nane Rajmund aliinua kichwa, akapepesa macho, akasema, "Radi!"

Hilo ndilo neno pekee lililombakia. Kiharusi kilimpiga Desemba iliyopita, kikamchukulia mkono wa kulia, nusu ya mguu wa kulia na maneno yake yote, kikamwachia tusi la wachimba makaa wa mji wao wa Ruda. Radi lilikuwa "asante," lilikuwa "nina njaa," lilikuwa "niache." Truda alikuwa amejifunza kuyatofautisha kwa mlio, kama mama anavyotofautisha vilio vya kitoto.

Walikuwa wameoana miaka arobaini na minane. Truda alifanya kazi kwenye chumba cha taa cha mgodi, akiwapa wanaume taa zao kupitia kidirisha kabla hawajashuka chini, na huyu Rajmund alikuwa kijana ambaye kila siku alisahau namba ya taa yake ili aulizwe mara mbili. Sasa Truda alikuwa na miaka sabini na mmoja. Binti yao Renata aliishi nchi jirani, mjini Essen, na alipiga simu kila Jumapili. Hospitali ilishamwita Truda mara mbili kwa ajili ya macho, na mara zote mbili alipiga simu kusema hawezi kuja, hana wa kumwachia mgonjwa.

Siku ya pili alimwomba jirani wa chini akae na Rajmund nusu saa, akaenda kwa daktari wa familia kuungama habari ya vidonge. Alitegemea kukemewa. Daktari alivua miwani tu, akavuta karatasi.

"Kuna kituo cha kutwa, kule nyuma ya uwanja wa mpira. Gari linamchukua asubuhi, linamrudisha jioni. Huko atakula, atanyooshwa viungo, atafundishwa kusema. Hulipi kitu, bima ya taifa inalipa."

"Na usiku?"

"Usiku ni mume wako, Bi Truda."

Kabla ya kupokelewa, ilibidi Rajmund apimwe. Muuguzi wa kituo, Bi Kornelia, alikuja mwenyewe nyumbani, mama mnene mwenye viatu vya kimya na kalamu iliyofungwa shingoni kwa uzi. Alieleza jambo lenyewe bila kuzunguka. Alama ni mia moja. Mtu akipungua arobaini, huyo ni wa kulazwa. Akizidi sitini na tano, huyo ni mzima mno, akae nyumbani kwake. Kituo kinapokea walio katikati.

Truda alipumua. Rajmund alikuwa katikati bila shaka yoyote. Ila asubuhi hiyo Rajmund alikuwa amedai, kwa radi sita au saba, avalishwe shati jeupe, na Truda hakujiuliza kwa nini.

Bi Kornelia aliomba supu. Rajmund alikamata kijiko kwa mkono wa kushoto, akala sahani nzima ya supu ya kabichi chachu bila kudondosha tone. Truda alibaki mdomo wazi. Huyu huyu jana alikuwa akilishwa! Muuguzi akamwomba afunge kifungo. Rajmund akatoa ulimi pembeni, jasho likamtoka kwenye paji, dakika zikapita, saa ya ukutani ikagonga robo, na kifungo kikaingia tunduni.

"Radi!" alisema, akamtazama muuguzi kama bondia.

Bi Kornelia akaandika. Truda alimvuta jikoni kwa kisingizio cha chai.

"Nesi, anajionyesha! Nakuapia. Jana nilimvalisha mpaka soksi."

"Mama, wachimba makaa wote ndivyo walivyo. Wakimwona mwanamke mwenye kalamu, wanakuwa mabingwa."

"Sasa utamwandika mzima?"

"Ninaandika ninachokiona. Twende kwenye ngazi."

Kwenye ngazi mambo yakawa mengine. Rajmund alishuka vidato vitano vya kwanza akishikilia reli, kifua mbele. Kwenye cha sita mguu wa kulia ukakataa. Hakuweza kushuka wala kupanda. Alisimama uso ukielekea ukuta wa matofali, mkono wa kushoto ukiishikilia reli, na safari hii hakusema hata hilo neno lake moja. Wanawake hao wawili walimpelekea kiti, wakamkalisha, wakangoja. Truda aliyatamani mafanikio ya shati na kifungo yarudi, ingawa dakika kumi kabla yalikuwa yakimtia hofu. Hakutaka kumshinda mumewe kwa njia hiyo.

"Sitini," alisema Bi Kornelia waliporudi ndani. "Anaingia. Weka sahihi hapa, mama."

Truda aliinama, akaandika jina lake kwa uangalifu wote, Gertruda Kuczera, herufi kwa herufi, juu ya kitambaa cha meza.

Muuguzi aliitazama karatasi, akakitazama kitambaa. Akanyoosha mkono.

"Vidole vingapi?"

"Nesi, hukuja kunipima mimi."

"Vingapi?"

"Viwili."

Vilikuwa vinne. Bi Kornelia aliifunika kalamu yake. "Nisikilize. Tunamchukua miezi minne. Katika miezi hiyo minne wewe utakwenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Usiponiahidi, naichana hii karatasi mbele yako."

"Naahidi," alisema Truda, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya msichana.

Habari haikukaa ndani. Jumapili Adelajda, dada mkubwa wa Rajmund, alipanda ngazi na keki ya mbegu za mpopi chini ya kwapa, akaketi bila kuvua koti.

"Nasikia unampeleka mdogo wangu bohari."

"Si bohari, wifi. Ni kituo. Anarudi kila jioni."

"Kama mtoto wa chekechea! Utamfungia na chakula kwenye kimkebe? Utamwandika jina kwenye koti?"

"Koti nimeshaliandika. Wameomba."

"Yesu na Maria." Adelajda alikata keki kama anayekata kuni. "Mama yetu alimuuguza baba, na mapafu yake yale ya vumbi, miaka tisa. Tisa! Hakumpeleka popote."

Truda alikuwa amemmezea wifi yake mengi katika miaka arobaini na minane. Siku hiyo koo lilikataa.

"Na mama yenu alikufa miezi mitatu baada ya baba yenu, wifi. Niliyemwosha ni mimi. Alikuwa na mifupa kama ya kuku. Wewe ulikuja na maua."

Adelajda aliweka kisu chini. Rajmund, kwenye kiti chake, aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akajisogezea kipande cha keki.

Gari lilikuja Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari, saa moja na nusu asubuhi, theluji ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Dereva aliitwa Ginter, mtu mrefu mwenye masharubu ya kijivu. Yeye na msaidizi wake walimteremsha Rajmund kwa kiti mpaka mlangoni. Lakini nje Rajmund alinyoosha mkono wa kushoto, akakamata reli ya chuma, akang'ang'ania.

"Radi! Radi! Radi!"

Majirani walifungua madirisha. Truda alisimama na begi lenye suruali ya akiba na kandambili, na nafsi ikamwambia mpandishe juu, mpandishe sasa hivi, huyu mtu anaaibishwa. Ginter hakumvuta. Alichutama mbele yake kwenye theluji.

"Mimi nilikuwa shimo la pili la mgodi, bwana mkubwa. Miaka ishirini na miwili chini. Hii ni shifti ya asubuhi. Kizimba cha wachimbaji kinashuka, na unajua mwenyewe, kizimba hakimngoji mtu."

Rajmund alimtazama. Kisha vidole vikaachia reli, kimoja kimoja.

Truda alirudi juu. Nyumba ilikuwa kimya, na kwa dakika chache hakujua mikono yake aipeleke wapi. Aliosha kikombe. Akapanga viatu. Akaketi mezani afikirie cha kupika, akaegemeza shavu kwenye mkono kidogo tu, kidogo. Kengele ya mlango ilipomwamsha, dirisha lilikuwa linaingia giza na Ginter alikuwa nje na Rajmund kwenye kiti.

"Mama Kuczera, una mistari ya kitambaa usoni," alisema dereva.

Alikuwa amelala saa nane mfululizo. Hakuwa amelala hivyo tangu siku ya kiharusi. Alisubiri aibu ije, akajiandaa kuipokea, lakini kilichokuja ni njaa. Usiku huo alikula vipande vinne vya mkate na soseji.

Wiki zilienda. Rajmund alirudi jioni akinuka sabuni ngeni na supu ngeni, amechoka, amechanwa nywele vizuri. Truda alianza kuijua tena miguu yake mwenyewe. Alitembea mpaka sokoni, mpaka kanisani, mara moja mpaka bwawani kutazama bata. Kisha, wiki ya tatu, wakiwa kwenye chakula cha jioni, Rajmund aliweka uma chini na kusema waziwazi:

"Kumi na nane."

Truda aliganda. "Umesemaje?"

"Ishirini," alisema Rajmund.

"Mundek?"

"Ishirini na mbili." Akamsubiri. Uso wake ulianza kuwa mwekundu. "Ishirini na tatu! Radi!"

Kiharusi kingine, aliwaza Truda, kimerudi kumalizia kazi. Alimwangalia mdomo kama umepinda zaidi, akamwambia ainue mkono, akaupapasa uso wake. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Rajmund alimpungia mkono kwa hasira na kurudia viazi vyake.

Asubuhi alimvamia Ginter kabla hajafunga breki.

"Bwana Ginter, anasema namba! Namba tu, zinapanda!"

Ginter alicheka mpaka akaushika mlango wa gari. "Mama, alikuwa anakuitia mnada! Ni skat, mchezo wa karata. Anataja namba, wewe unajibu 'ndiyo' au 'napita.' Wewe umenyamaza tu kama sanamu, ndiyo maana amekasirika. Panda, panda uone mwenyewe."

Akapanda vilevile alivyo, na aproni chini ya koti. Kituoni chumba kilikuwa cha joto, kimejaa harufu ya kahawa ya shayiri. Kwenye meza ya dirishani alikaa mzee mmoja mwembamba aliyetetemeka mikono yote miwili. Alikuwa Teofil, mwokaji mikate wa zamani. Karata zake hakuzishika. Zilisimama mbele yake, zimechomekwa kwenye manyoya ya brashi ya kusugulia sakafu iliyolazwa chali. Rajmund alikuwa na brashi yake pia. Mtu wa tatu alikuwa Ginter, ambaye alivua kofia na kuketi.

"Kumi na nane," alisema Rajmund.

"Ndiyo," alisema Teofil.

"Ishirini."

"Ndiyo."

"Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na nne."

"Napita, mwanaharamu wewe. Una karata zote za maghulamu huko."

Rajmund alicheka. Truda alikuwa amesahau kwamba kicheko chake kina mluzi mwishoni.

Mwalimu wa kutamka, Otylia, binti mwenye nywele fupi, alisimama karibu na Truda. "Nilihangaika naye wiki mbili na picha. Nyumba, paka, kikombe. Hakuna kitu. Kisha Mzee Teofil akamtupia karata. Unajua, mama, maneno ya kawaida yanapita barabara kuu, na kwake barabara kuu imebomoka. Lakini sala, matusi, nyimbo, mnada wa karata, hivyo vina uchochoro wake. Sasa tunapitisha na mengine humo humo."

"Yatapita?"

"Mengine. Sikudanganyi, si yote."

Neno la kwanza kupita lilikuwa "napita" lenyewe. Rajmund alilipenda mno. Adelajda alipokuja na supu ya damu ya bata, ambayo mdogo wake aliichukia tangu utotoni lakini hakuwahi kuthubutu kusema, alichovya kijiko humo na kumsogezea mdomoni.

"Kula, mdogo wangu. Huko najua wanawapa maji ya kuoshea vyombo."

"Napita," alisema Rajmund.

Adelajda aliangusha kijiko. Baadaye alimfuata Truda jikoni, akasimama akikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo.

"Amenijibu."

"Amekujibu, wifi."

"Miezi kumi na minne nimeongea na ukuta, leo amenijibu." Alipenga kamasi. "Hiyo hospitali ya macho ni lini? Nitakwenda na wewe. Nani atakubebea begi, paka?"

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwishoni mwa Februari. Adelajda alibeba begi, akagombana na mlinzi wa mapokezi, akagombana na mashine ya kahawa, akamshika Truda kiwiko kwenye barafu mpaka nyumbani. Siku ya pili bandeji ilitolewa. Truda aliingia jikoni kwake na kupiga ukelele.

"Nini? Unaumwa?" Adelajda alikimbia na kiatu kimoja.

"Jiko! Hebu lione jiko! Tumekuwa tukiishi kwenye uchafu huu?"

"Mimi nililiona muda mrefu. Niliogopa kukwambia."

"Wewe? Kuogopa kuniambia kitu?"

Wakacheka wote wawili mpaka ikabidi wakae. Alasiri Ginter alipomleta Rajmund, Truda alimtazama kwa jicho lake jipya. Alikuwa mzee kuliko alivyokumbuka. Chini ya kidevu palikuwa na kishungi cha nywele nyeupe ambacho Truda, kila alipomnyoa, alikuwa akikipita miezi yote hiyo. Hakuna aliyemwambia. Akaleta sabuni na wembe, akakinyoa taratibu, na Rajmund akainua kidevu akitazama dari.

Machi ilipoanza, siku ya kawaida kabisa, walikuwa wanakula maharage. Rajmund alionja, akakunja uso, akatafuta. Truda aliona midomo yake ikijipanga, ikikosea, ikijipanga tena.

"Truda," alisema. "Chumvi."

Truda alinyanyuka kuileta chumvi, na akiwa kabatini, mgongo ukimwelekea mumewe, alilia. Miezi kumi na mitano alikuwa amepika bila mtu wa kumsema. Alirudi na kopo la chumvi na uso mkavu.

"Siku zote chakula changu ulikuwa unakiona hakina chumvi?"

Rajmund alifikiri. "Ndiyo," alisema.

Jicho la pili lilifuata Aprili. Mwezi Mei miezi minne ikaisha, na Bi Kornelia akampima Rajmund tena, kituoni safari hii, na kwenye ngazi za kituo Rajmund alipanda vidato kumi na viwili na kushuka kumi na viwili. Themanini. Mzima mno. Teofil, ambaye alikuwa na wiki tatu zake bado, alimwita msaliti.

Truda alifurahi, lakini usiku ule ule alikaa kitandani macho wazi. Kesho gari halitakuja. Alimpigia Bi Kornelia asubuhi mapema, akibabaika kama mkosaji.

"Mama, tulia," alisema muuguzi. "Halmashauri ina klabu ya wazee Jumanne na Alhamisi, hapa hapa kituoni, mlango wa pembeni. Nimeshamwandikisha. Ginter atampitia. Siku nyingine jaribu kumwacha peke yake saa moja, kisha saa mbili. Anaweza. Mimi nimemwona kwenye ngazi. Jaribu na wewe."

Basi Jumatatu alimfungia Rajmund simu shingoni kwa kamba, akamwekea chai kwenye chupa ya moto, akamwonyesha mara tatu kitufe cha kubonyeza, mpaka Rajmund akasema "Radi" ya aina ya ondoka sasa. Truda akaenda kutengeneza nywele. Msusi alimwosha kichwa, akamkata, akamweka chini ya kikaushio, na Truda akasoma gazeti zima la juma lililopita, mpaka matangazo ya mbwa waliopotea. Alipotoka ilikuwa imepita saa moja na dakika arobaini tangu afunge mlango. Alianza kwenda mbio. Kwenye kona ya bustani za wachimba makaa alisimama, akavuta pumzi, akatoa simu.

"Mundek? Uko salama?"

"Niko."

"Hujaanguka? Umekunywa chai?"

Upande wa pili palikuwa na kimya, kile kimya chake cha kutafuta. Nyuma yake alisikia redio ikitangaza mpira.

"Truda," alisema Rajmund. "Kaa. Kaa huko."

Kibanda cha aiskrimu kilikuwa kimefunguliwa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Truda alinunua ya vanila na ya cheri, matonge mawili, akatafuta benchi lenye jua, akaketi, akaila yote.